Panga la Marehemu

"Siendi."

Ndiyo, msomaji, wiki iliyopita ulisoma sawasawa. Tangu gazeti litoke watu wananisimamisha barabarani kuniuliza kama mchapaji alikosea herufi. Hakukosea. Fundi, yule mshonaji mjane mwenye ulimi mkali, aliuza cherehani yake, akauza kitanda chake, akauza na pete ya marehemu mumewe. Akapanda lori la magunia hadi shamba la miwa, akamwaga pesa zote mbele ya meneja ili amkomboe mdogo wake wa pekee. Meneja akahesabu, akaridhika, akagonga muhuri. Kijana akaitwa kutoka shambani. Na badala ya kumrukia dada yake shingoni, akatazama vidole vyake vya miguu vilivyojaa masizi, akatamka neno hilo moja.

Fundi alidhani masikio yake yameziba kwa vumbi la safari.

"Huendi wapi?"

"Nyumbani, dada. Siendi."

"Una homa wewe?"

"Sina."

"Wamekupiga kichwani?"

"Siku hizi hapana."

Meneja alikuwa na mafua. Alipenga kamasi kwenye leso kubwa ya buluu, na nyuma ya leso alikuwa anatabasamu. Ilionekana siku nyingi hajapata burudani ofisini mwake.

"Nisikilize vizuri," Fundi alisema, akamshika mdogo wake kiwiko kama anavyomshika mteja asiyetulia akipimwa. "Mama amezeeka akikungoja. Kila mlango ukilia anauliza kama ni wewe. Juzi kamkumbatia muuza mkaa, tukabaki kumwosha. Mimi nalala sakafuni kwa ajili yako. Sasa unaniambia huendi? Toa sababu. Tena iwe ya maana, kabla sijakuzaba kofi mbele ya huyu bwana."

"Nimeoa."

Hata karani aliyekuwa pembeni aliacha kuandika.

"Umeoa nini?"

"Mke, dada."

"Mama anajua?"

"Angejuaje? Hapa hata salamu hazitoki mpaka huyu aruhusu." Akamwonyesha meneja kwa kidevu.

Fundi akashusha pumzi ndefu. Kumbe ni hilo tu! Alikuwa ameshaanza kuogopa jambo kubwa. "Basi mchukue mkeo twende! Nani kakwambia umwache? Nyumba ni ndogo, tutabanana. Kwani lini hatukubanana?"

Aliyejibu ni meneja.

"Hapo sasa ndipo penye tatizo, mama. Mkewe ana deni."

"Kakopa nini?"

"Yeye hajakopa kitu. Baba yake ndiye aliyekopa. Mzee alifariki mvua zilizopita, Mungu amrehemu, alikuwa mkataji hodari sana. Tulimzika vizuri tu. Ila deni lake hatukulizika naye."

"Na mke wangu ana mimba," kijana akasema haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto. "Mtoto akizaliwa humu anaandikwa humu. Dada, nakuomba. Hizo pesa mwambie azihamishe. Amtoe mke wangu. Mimi nitabaki."

Hebu jiweke mahali pa Fundi. Umeuza kila kilichouzika umkomboe damu yako, halafu damu yako inakuomba hadharani ukamkomboe mtu ambaye hujamwona hata kisigino. Mkono wake ulikwenda kichwani wenyewe.

"Nimeuza cherehani," alisema polepole, "kwa ajili ya mtu nisiyemjua hata sura?"

"Ni mzuri, dada."

"Nimekuuliza uzuri mimi?"

Meneja aliinua kiganja, kistaarabu kabisa. Ndivyo alivyokuwa yule mtu, hakupaza sauti hata siku moja. "Msigombane bure, haiwezekani. Muhuri umeshagongwa, na pesa zimeshaingia kwa jina lako, kijana. Tangu sasa hivi wewe ni mtu huru. Hongera."

Akasogeza kibali cha kutoka, kikaratasi cha rangi ya waridi.

"Na mtu huru si mfanyakazi wangu. Asiye mfanyakazi haruhusiwi kulala kambini. King'ora cha jioni kikilia uwe nje ya geti, la sivyo ni mvamizi."

"Na mke wangu?"

"Mkeo ni mfanyakazi. Anabaki." Akapenga kamasi tena. "Au kama unaona uchungu kumwacha, saini upya. Nitakukopesha blanketi, panga, na chakula cha kuanzia. Utakuwa umeingia leo. Mimi sina kinyongo na mtu."

Msomaji, umeona mtego huo? Akitoka, anamwacha mke na mimba yake. Akibaki, cherehani, kitanda na pete vimekwenda na maji. Na aliyetega mtego hakutukana mtu wala kupiga mtu. Alikuwa na mafua tu.

* * *

Kutoka ofisini hadi kambini waligombana njia nzima. Walipita mizani ya kupimia miwa, wakapita toroli zilizokuwa zinangoja kuvutwa kwenda kiwandani, wakapita duka la shamba ambalo chumvi yake ilikuwa ghali kuliko nyama ya mjini. Nyuma yao alifuata mnyapara, yule ambaye wakataji walimwita Filimbi kwa sababu alikuwa nayo shingoni hata akioga.

"Ungeniuliza kwanza," kijana alisema.

"Nikuulize kwa njia gani? Si umesema hata salamu hazitoki?"

"Ungekuja kwanza uone."

"Ningekuja na nini? Na nauli ya nani? Wewe ndiye uliyekuja huku kwa ajili ya kiatu!"

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Wakala wa shamba alipita mtaani kwao na lori lililopambwa, akawapa vijana viatu na pesa kidogo mkononi, akawaambia watarudi na mifuko imetuna. Viatu viliisha kabla ya msimu. Pesa ya viatu bado alikuwa anailipa mpaka leo asubuhi.

"Nenda nje ukafanye kazi," Fundi alijaribu kwa sauti ya chini kidogo. "Bandarini, kwenye matofali, popote. Ukipata pesa urudi umtoe."

"Dada, unajua ni wangapi wamelipiwa humu wakasema hivyo hivyo? Jirani yangu mmoja alisema. Mkewe alimfulia shati la kuondokea. Mpaka leo hajarudi."

"Wewe si kama huyo."

"Na yeye hakuwa kama huyo alipotoka."

Hasira zikampanda Fundi zaidi. Hakuna kitu kinachokera kama mdogo wako kuwa na akili siku ambayo ulihitaji awe mjinga.

Chumba chao kilikuwa cha mabati, cha mwisho kwenye safu. Ndani mlikuwa na joto la kukaanga. Pazia la magunia liligawa chumba katikati, na upande wa pili familia nyingine ilikuwa inakohoa. Fundi alitazama mshono wa lile pazia bila kutaka. Ulikuwa umeshonwa kwa kamba ya katani, mshono wa zigizaga, mguu huku mguu kule.

"Nani kashona hiki kituko?"

"Mimi," ilisema sauti mlangoni. "Na najua ni kibaya."

Alikuwa mwanamke mrefu kumpita mumewe, mweusi wa masizi ya miwa iliyochomwa kuanzia nyusi hadi vifundoni, tumbo likianza kuonekana chini ya gunia alilojifunga kama aproni. Mkononi alikuwa na panga. Alimtazama mgeni, akamtazama mumewe, akatua macho kwenye kikaratasi cha waridi. Kambini kila mtu aliijua rangi ile.

"Shikamoo wifi," alisema. "Maana pua ni hiyo hiyo."

"Marahaba." Fundi hakuwa tayari kumpenda. "Mimi ndiye niliyekuja kumkomboa mumeo. Nimeshamlipia. Anasema haendi."

Wifi aligeuka polepole kumtazama mume.

"Umesema nini?"

"Mke wangu..."

"Nimeuliza umesema nini. Umefunguliwa mlango, ukasema nini?"

"Nimesema siendi. Siwezi kukuacha na hiyo mimba."

Aling'oa kitambaa kichwani akampiga nacho begani, paa, masizi yakaruka. Akampiga tena. Kwenye kipigo cha tatu mkono ukaishiwa nguvu. Akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akaanza kulia bila sauti, na machozi yakachora mistari miwili kwenye masizi.

"Kila usiku namwomba Mungu mmoja wetu atoke," alisema. "Mmoja tu. Mungu kasikia, halafu wewe unamrudisha Mungu kutoka mlangoni!"

Upande wa pili wa pazia kikohozi kilinyamaza. Watu walikuwa wanasikiliza.

Fundi alivuta kigoda. Alikuja kumchukia mtu huyu na sasa hakujua amchukie vipi. Hali hiyo ilimuudhi.

"Hebu nieleze, wifi," alisema. "Deni ni la baba yako. Limekupataje wewe?"

"Siku tuliyomzika, Filimbi alikuja msibani na panga la baba. Akaniambia, shika. Nikashika. Mimi nilidhani ananipa kumbukumbu ya baba. Nikasema na asante." Alicheka kicheko kikavu. "Kesho yake alfajiri akaniita na wakataji. Nikamwambia mimi sijaajiriwa. Akaniambia panga umelishika, na lilikuwa na deni."

"Uliweka dole gumba wapi?"

"Sikuweka popote. Hakuna aliyeniuliza dole gumba. Nilishika panga tu."

Fundi akasimama wima. Kigoda kikaanguka.

"Hujaweka alama yoyote? Mahali popote?"

"Sijaweka popote, wifi."

"Basi wewe si mfanyakazi wao! Hata meneja mwenyewe kamwambia huyu, akitaka kurudi kazini asaini upya. Hujasaini, huna deni. Funga mzigo."

"Dada," kijana alisema, "hapa si mjini."

"Wewe nyamaza, wewe ni mtu huru, huna kauli. Wifi, funga mzigo!"

Hakukuwa na mzigo wa kufunga. Sufuria mbili, blanketi la mkopo ambalo waliliacha, na nguo za mtoto ambaye bado hajazaliwa, zilizokatwa kutoka kwenye shati la babu yake. Zilikuwa na mshono ule ule wa zigizaga. Safari hii Fundi hakusema kitu.

* * *

Walikwenda getini mchana kweupe, watatu, katikati ya barabara, wifi akiwa na lile panga mkononi. Filimbi aliona hawaendi shambani, akapuliza. Hawakugeuka. Akapuliza tena huku akikimbia, na mtu akikimbia na kupuliza hapati hewa ya kutosha, kwa hiyo mlio ulitoka kama wa birika linalochemka.

Mlinzi wa geti alisoma kibali. "Kimeandikwa mtu mmoja."

"Huyu ndiye mmoja. Mimi ni mgeni," alisema Fundi. "Na huyu si mfanyakazi. Hajasaini."

"Mama, mimi nafuata karatasi."

"Na mimi ndiyo ninayoizungumzia. Mwite bosi wako alete karatasi yake. Tuone alama ya huyu mwanamke iko wapi."

Hapakuwa na haja ya kumwita. Meneja alikuwa anakuja taratibu na leso yake, karani nyuma yake. Na nyuma ya karani, kwa sababu filimbi ya kurudi kazini ilikuwa imepulizwa ovyo hata hakuna aliyeielewa, wakataji walianza kukusanyika. Wengine bado walikuwa wanatafuna.

"Unaondoka na mali yangu, mama?" meneja aliuliza.

"Mali gani? Nionyeshe mahali alipoweka dole gumba."

Meneja akamtazama karani. Karani akatazama angani, kisha akatikisa kichwa kidogo sana.

Kwa mara ya kwanza tangu auze cherehani, Fundi alihisi ardhi chini ya miguu yake.

"Umesema kweli," meneja alisema. "Hajasaini. Ni uzembe wetu."

"Basi si mfanyakazi wako!"

"Kweli kabisa, si mfanyakazi wangu." Alikunja leso kwa makini. "Sasa nisaidie, mama. Mtu asiye mfanyakazi wangu amekuwa analala kwenye banda la nani? Anakula unga wa nani? Na huyo asiye mfanyakazi wangu, ambaye ameingia na panga kwenye miwa yangu na kuikata tangu mvua zile mpaka leo, anaitwa nani?"

"Mwizi," alidakia Filimbi.

"Asante. Mwizi. Na mwizi anapelekwa polisi, na kwa tumbo lile atajifungulia mahabusu." Akamgeukia wifi, sauti laini kama siagi. "Au weka dole gumba sasa hivi, karani ana wino. Tusahau yote."

Fundi alitaka kupiga yowe, alitaka kumng'ata mtu. Kila mlango aliousukuma ulikuwa na mlango mwingine nyuma yake, na nyuma ya yote alikaa mtu huyu mwenye mafua akimwambia karibu.

"Kwa hiyo," alisema, sauti ikimtetemeka, "ulimpa panga, ukamwamuru akate, ukachukua miwa, ukauza sukari. Halafu mwizi ni yeye?"

"Sheria ni ngumu kuielewa," meneja alisema kwa huruma.

Karani alisogea na kidau cha wino. Wifi alikitazama. Kisha akatembea hatua chache mbele, akasimama karibu sana na meneja, akalegeza vidole. Panga likaanguka juu ya buti za bwana yule, likalia kwenye ngozi, likalala mavumbini.

"Mpe karani alishike," alisema. "Mimi nilidhani ni kumbukumbu."

Filimbi aliinua fimbo. Na hapo, msomaji, ndipo jambo ambalo hakuna aliyelipanga lilipotokea.

"Na mimi sikusaini," ilisema sauti kutoka kwenye kundi.

Alikuwa yule mwanamke wa upande wa pili wa pazia, mwenye kikohozi. Alipenya mbele. "Mimi niliambiwa shika la mume wangu. Nikashika." Panga lake likaanguka juu ya lile la kwanza.

"Langu ni la kaka yangu."

"Mimi la mjomba. Mjomba mwenyewe hata simkumbuki sura."

"Mimi nilisaini," alisema mzee mmoja kwa aibu, "lakini nimechoka." Akalitupa la kwake pia. Watu wakacheka, kicheko cha ghafla kilichowatisha wenyewe.

Chuma kilikuwa kinalia juu ya chuma. Filimbi alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Hakuna aliyesogea. Rundo likafika magotini.

Meneja hakukimbia. Watu wa namna ile hawakimbii. Aligeuka, akarudi ofisini kwa hatua zile zile, na dirisha likiwa wazi wote walisikia mkono wa simu ukizungushwa, kriii, kriii. Kisha sauti yake tulivu: "Polisi? Nina fujo hapa. Ndiyo. Wengi. Leteni lori."

Kicheko kikafa.

"Funga geti!" Filimbi alimpigia kelele mlinzi. "Asitoke mtu!"

Mlinzi alikuwa na jasho kama mtu aliyetoka mtoni. "Mwenye kibali atoke sasa hivi," alisema kwa haraka, ufunguo ukimcheza mkononi. "Na mgeni. Nikifunga nimefunga."

"Twende!" Fundi alimkamata mdogo wake mkono. "Twende, twende kwa mkaguzi wa kazi, mimi nimeshafika ofisini kwake. Alinifukuza, akaniambia mlalamikaji aje mwenyewe. Haya, wewe ndiye mlalamikaji, twende!"

Kijana alimtazama dada yake. Akamtazama mkewe. Kisha akatabasamu, na Fundi alilijua tabasamu lile tangu utotoni, lilikuwa tabasamu la kabla ya kuruka kutoka juu ya paa.

"Usithubutu," alisema Fundi.

Alithubutu. Alimsukumia mkewe kibali mkononi, akamshika mabega kwa nyuma, akamsukuma kupitia ule mwanya wa geti. Wifi alipiga kelele, akageuka kurudi, akakutana na Fundi ambaye kijana alikuwa anamsukuma pia, na wote wawili wakajikuta nje, wameshikana wasianguke.

Mlinzi alikiona kibali mkononi mwa mwanamke. Alikiona vizuri kabisa.

"Mtu mmoja na mgeni," alisema bila kumtazama yeyote. Akafunga.

"Mjinga wewe!" Fundi aligonga vyuma kwa ngumi. "Mjinga! Nimelala sakafuni! Nimeuza pete! Nilikuja kukuchukua wewe!"

"Najua, dada." Kijana alikuwa ameshika vyuma kwa ndani. Nyuma yake wakataji walikuwa wanakaa chini mmoja mmoja, mikono mitupu magotini. "Mlalamikaji ndiye huyo. Mpeleke. Na umfundishe kushona, tafadhali."

"Nitakuua ukitoka humo!"

"Sawa. Nitoke kwanza."

* * *

Walitembea kwa hasira. Barabara ilikatiza kwenye miwa iliyosimama juu kuliko mtu, kulia ukuta wa kijani, kushoto ukuta wa kijani. Wifi alikuwa anageuka nyuma kila baada ya muda. Fundi hakugeuka hata mara moja, alikuwa anatazama mbele na kusema peke yake.

"Mtoto akiwa wa kiume," alisema ghafla, "asirithi kichwa cha baba yake."

"Akiwa wa kike je?"

"Asirithi cha shangazi yake."

Wifi alicheka, kisha akalia, kisha akashika mgongo na kusema haumii. Wakaendelea.

Walifika njia panda ambapo barabara mbili za vumbi zilifanana kama mapacha. Hapakuwa na kibao wala nyumba, miwa tu. Na hapo ndipo waliposikia lori.

Lilitokea upande wa mjini likiruka mashimo. Nyuma lilikuwa limejaa askari wenye virungu, vijana wapya, helmeti bado zinang'aa. Lilisimama mbele yao kwa kishindo. Mkuu wao akatoa kichwa dirishani.

"Mama! Shamba la miwa, ofisi kuu, ni njia ipi? Sisi tumehamishiwa huku majuzi, na hii miwa yote ni sura moja."

Fundi alifikiria wale watu waliokaa chini na mikono mitupu. Alimfikiria yule mjinga akishika vyuma.

Akainua mkono, akaonyesha njia ya kushoto. Siyo ile waliyotokea.

"Hiyo hapo," alisema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Nyosha tu, usikunje popote."

"Asante sana, mama." Lori likanguruma. Likasogea kidogo. Likasimama tena.

Mlango ukafunguliwa. Mkuu wa askari akashuka, akawatazama wale wanawake wawili, akatazama tumbo la wifi, akatazama jua linavyoelemea.

"Huyu mgonjwa mnamtembeza hivi? Haya, pandeni mbele hapa, mtuonyeshe njia wenyewe. Tukimaliza kazi ya huko tutawarudisha mjini."

"Tunashukuru, baba, tutatembea tu."

"Mama, sikuuliza. Pandeni."

Mkono wake ulikuwa umeshamshika wifi kiwiko, kwa upole kabisa. Fundi hakuwa na la kufanya. Walipandishwa, wakabanwa katikati ya dereva na mkuu, mlango ukafungwa, na lori likaingia njia ya kushoto kwa mwendo wa kasi, miwa ikipiga pande zote mbili.

Fundi alitazama mbele akijaribu kufikiri. Watakwenda mbali kiasi gani kabla hawajagundua? Atasema alipotea. Atasema yeye ni mgeni. Ndiyo, atasema ni mgeni.

Ndipo akahisi kucha za wifi zikimzama kwenye paja. Wifi alikuwa ametoa macho, akitazama mteremko uliofunguka mbele yao, na dereva, kwa furaha ya kuona barabara imenyooka, alikuwa anakanyaga mafuta.

"Wifi," alinong'ona, midomo haisogei, "njia hii inashuka mtoni. Daraja lilichukuliwa na maji."